Nyumba Moja, Mapaa Mawili

Kazi ya kwanza ya komite yetu ya makao ilikuwa kutafuta watu wasio na nyumba, na kwa siku mbili nzima hatukumpata hata mmoja.

Ilikuwa miaka ya vita, na Uvira ilikuwa imejaa watu kutoka kwenye miguu ya milima mpaka ukingoni mwa ziwa. Kulikuwa na walioshuka kutoka upande wa Lemera, waliokimbia Mutarule na vijiji vingine vya bonde la Ruzizi, na waliokuja kwa barabara ya Fizi kutoka Makobola, godoro kichwani na kuku kwapani. Kila mtu aliwaona wakiingia mjini. Lakini tulipopita nyumba kwa nyumba na daftari letu, walikuwa wamepotea kama maji kwenye mchanga.

Mimi nilikuwa katekista wa parokia na mwandishi wa komite. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja muuza mawese, mwenye sauti iliyozoea kushindana na soko zima. Yeye aliuliza, mimi niliandika, au tuseme nilishika kalamu.

"Hapa kwenu iko wakimbizi?"

"Hapana, mama. Iko batu ya kwetu tu," alijibu baba mmoja, na nyuma yake vichwa kumi na tano vikatuchungulia kutoka chumba kimoja.

"Na huyu?"

"Ni shemeji."

"Na yule?"

"Ni rafiki ya shemeji."

"Na yule mzee pale kwenye kiti?"

Baba yule alimtazama mzee, akakuna shingo. "Huyo sijamuuliza bado."

Ilikuwa hivyo kila mahali. Hakuna mtu aliyekubali kumwita mgeni wake mkimbizi asiye na makao, kwa sababu kusema hivyo mbele yake ni sawa na kumtolea mkeka nje. Tulipofika kwangu, mwenyekiti akanigeukia kwa uso wa kazi kana kwamba hatujuani. "Mwalimu, kwako iko wangapi?" Nami, mwandishi wa komite, mwenye daftari la komite mkononi, nikajibu, "Hakuna." Akatazama mikeka kumi iliyoanikwa kwenye ua wangu. "Na ile mikeka?" Nikamwambia tunapenda mikeka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya tatu tulibadilisha swali. Tukaacha kuuliza nani hana nyumba, tukaanza kuuliza, "Nani hapa aliacha nyumba yake kwingine?" Hapo milango ikafunguka. Watu walitoka kutueleza nyumba zao: mlango ulitazama wapi, migomba mingapi ilisimama nyuma, ni nani aliyepaka ukuta chokaa kwa ajili ya arusi. Wenyeji wenyewe waliwasukuma wageni wao mbele, "Sema, yaya, sema ile ya kwenu ilikuwa na madirisha mangapi!" Jioni ile daftari lilijaa, nikaomba lingine.

Namshukuru Mungu kwa somo lile, kwa maana komite ilianzia hapo. Parokia ilitoa uwanja chini ya mlima. Udongo wa kufyatulia matofali tulikuwa nao, wala hakuna aliyetuuzia. Mabati na misumari vilitoka kwa shirika la wafadhili lenye ofisi Bukavu, nao walituwekea sharti moja: kila familia nyumba moja, na kila nyumba idadi ileile ya mabati. Sisi tuliongeza sharti letu: aliyepata nyumba hapumziki mpaka afanye salongo, yaani kazi ya pamoja, kwenye nyumba ya mwenzake anayefuata. Kwa hiyo kila nyumba iliyosimama iliongeza mikono, na iliyofuata ilisimama upesi kuliko ya kabla yake.

Mtu akiniuliza vita vilikuwaje, najua anatarajia nihuzunike, na yako mambo ya kuhuzunisha ambayo nayaacha mikononi mwa Mungu. Lakini nikikumbuka uwanja ule, nakumbuka kwanza vicheko. Wanakwaya walikanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba. Wanawake wa milimani waliwacheka wale wa pwani ya ziwa kwa kufyatua matofali mapana kama mikate, nao wa pwani wakawajibu kwamba angalau yao hayafanani na magoti ya mbuzi. Mara nyingine mlio wa bunduki ulisikika kutoka juu. Tulinyamaza wote pamoja, tukapima kwa sikio kama uko mbali, kisha mtu akasema, "Mbali," na udongo ukaanza tena kukanyagwa.

Kati ya wageni waliokuwa kwangu alikuwemo mama mmoja mjane kutoka vilima vya Lemera. Alikuwa mdogo wa mwili, amenyooka kama mpini, na alishuka mlimani na jembe lake kwa sababu, alisema, sufuria mtu anaweza kuazima lakini jembe linajua mkono wa mwenyewe. Kabla hatujaamka alikuwa ameshafagia ua. Alishuka pamoja na binti yake, mume wa binti yake na wajukuu wanne, na padri akawapa wote chumba cha ghala karibu na sakristia. Wote waliingia isipokuwa yeye. Alisimama nje na mzigo wake, jua likazama, akiwa bado nje, mpaka mke wangu alipokwenda kumchukua.

Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini wajukuu zangu walioko mijini huenda wakasoma haya. Mama hawezi kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake. Si uadui. Ni heshima kubwa sana, kubwa kiasi kwamba wawili hao hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilimwona mama wa mke wangu akija kwenye njia nyembamba. Kwa kukosa pa kupindia nikajitupa kwenye shamba la muhogo, nikakaa humo mpaka alipopita. Alipopita alisema hewani, "Muhogo wa huku unakohoa."

Basi mama yule wa Lemera aliishi kwangu, na mkwe wake akaishi ghalani, na parokia nzima ikajifunza mwendo wao. Kwenye Misa yeye alikaa kulia, mkwe kushoto. Wakati wa kukomunika, mkwe alisubiri mpaka mama apokee, arudi, apige magoti na kufunika uso, ndipo aje. Alikuwa kijana mkubwa, mpole, fundi wa kufyatua matofali kuliko wote uwanjani, na mama huyo hakuwahi kumtaja kwa neno lolote ila "yule."

Sasa nikubali kosa langu.

Ilipofika zamu ya familia yao, shirika lilituma fomu. Fomu ilikuwa na mistari: baba, mama, watoto, na wengine wanaotegemea familia. Niliketi mezani nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri. Baba mmoja. Mama mmoja. Watoto wanne. Kwenye mstari wa mwisho nikaandika: bibi mmoja, mama wa mke. Nikapiga mstari chini, nikaona ni kazi safi. Mimi niliyejificha kwenye muhogo, mimi niliyempa mama yule mkeka kwangu kwa sababu hiyohiyo moja, niliandika hivyo bila kusita. Karatasi iliuliza ndugu, nikaijibu ndugu.

Jumanne nikasoma orodha kwenye ukumbi wa parokia, mbele ya watu wote. "Baba, mama, watoto wanne na bibi: nyumba moja." Kisha mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka puani. Mkwe aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mama wa Lemera akasimama, akajifunga kikwembe vizuri, akatoka.

Nilimkuta nyumbani anafunga mzigo.

"Mama, unafanya nini?"

"Minye narudi kwetu."

"Kwenu wapi? Kule juu wanapigana!"

"Wanapigana, lakini kule iko majivu ya moto wangu. Hapa nimekula chumvi yenu tangu mvua ya kwanza. Mulinipokea vizuri, Mungu awabariki. Nilikuwa nangoja nyumba. Leo umesoma nyumba yangu iko mu nyumba ya yule." Akakaza kamba. "Siku ya Mungu nitasali Misa, halafu nitapanda."

"Baki kwetu, hakuna anayekufukuza," mke wangu alimwambia, na alisema kweli.

"Weye binti yangu, najua. Lakini muntu akiwa mgeni muda mrefu, mikono yake inasahau kupika. Nataka kuwasha moto wangu mbele sijakufa. Kama si hapa, basi kule."

Nilijaribu elimu yangu. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu shule ya makatekista, nikadhani itanisaidia. "Mama," nikasema, "hata Mtume Petro alikuwa na mama mkwe nyumbani kwake, na Bwana wetu aliingia humo, wala hakuwakemea."

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, mule mu nyumba ya Petro, yule mama alikuwa na nini?"

"Alikuwa na homa."

"Unaona?" akasema. "Ile homa ilitoka wapi? Alilala mu nyumba ya mukwe."

Mke wangu alikimbilia jikoni ili acheke. Aliporudi hakunihurumia. "Uliandika nini weye? Weye uliyekimbia mama yangu miaka kumi! Siku alipokufa ndiyo ulimwona uso!" Njia ya kupanda Lemera siku zile haikuwa na huruma kwa mtu yeyote, sembuse mama mzee peke yake na jembe. Kutoka Jumanne mpaka Jumapili zilikuwa siku chache sana, na mkono uliomfungia mzigo ulikuwa wangu.

Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri nilikwenda kwa mwenyekiti, naye akaita komite kabla ya soko. Tulikuwa sisi wawili, wajumbe wengine watatu, na fundi mkuu wa ujenzi, mzee mmoja wa Makobola aliyekuwa anazungumza huku misumari iko mdomoni.

"Tumpe nyumba yake peke yake," nilisema.

"Kwa mabati gani?" mwenyekiti akauliza. "Zamu inayofuata ni ya yule mjane wa Mutarule mwenye mapacha. Utamnyang'anya yeye paa ili ufute kosa lako?"

Sikutaka hivyo.

"Tuweke ukuta katikati," akasema mjumbe mmoja. "Yeye mlango wake huku, wao mlango wao kule."

"Ukuta si paa," alijibu fundi. "Atakuuliza mvua ikinyesha inaanguka kwenye paa ngapi. Mama yangu angeuliza hivyo."

Tulikuwa bado tunavutana tulipoona kivuli mlangoni. Alikuwa mkwe. Hakuingia. Alisimama na kofia mkononi akitazama kizingiti, na alipozungumza ilikuwa kama anakiambia kizingiti.

"Toeni baraza yangu."

"Baraza gani?" mwenyekiti akamuuliza.

"Ile nyumba yetu, kwenye mchoro iko na baraza mbele. Tena paa linatoka nje pande zote. Toeni baraza. Punguzeni paa lisitoke nje. Chumba kimoja kikatwe, kisogezwe pembeni. Bati zitatosha. Nimezihesabu usiku mzima. Matofali ya ukuta wa kuongeza nitafyatua mwenyewe. Yako mengine nimeshafyatua, yamekauka. Lakini asipande kule juu."

Fundi alitoa misumari mdomoni, akaichora nyumba chini kwa mmoja wake. Akakata chumba, akakisogeza, akapima kwa vidole, akahesabu bati kwa midomo. "Mkono mmoja," akasema. "Naweza kuacha nafasi ya mkono mmoja kati ya ukuta na ukuta. Zaidi ya hapo bati zinakataa."

"Mkono wa nani?" mwenyekiti akauliza. "Wangu au wa mtoto?"

"Wa kwako, mama. Na ni mkono mnene."

Tulianza asubuhi ileile na chumba cha mama. Sijaona salongo kama ile. Habari ilikuwa imeenea, na watu waliokuwa ukumbini Jumanne walikuja na majembe na mabeseni Jumatano. Mjane wa Mutarule alikuja na mapacha wake, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akachota maji. Nilibeba matofali mpaka mabega yakaniambia umri wangu.

Mkwe ndiye aliyepandisha kuta. Na kwa kuwa ilikuwa nyumba yake, mama wa Lemera alikuja kuiangalia, maana hasira haikumzuia kutaka ukuta ulionyooka. Binti yake alisimama kati yao ameshika kikwembe kilichotandazwa kama pazia. Mama alikaa upande huu juu ya jembe lake, mkwe alijenga upande ule, na maneno yakapita kwa binti ingawa wote watatu walikuwa hatua nne tu.

"Mwambie yule ukuta unalala."

"Mama anasema ukuta unalala."

"Mwambie mama ni kikwembe kinachopeperuka, ukuta umesimama."

"Anasema ni kikwembe."

"Mwambie minye niliona kuta mbele yeye hajazaliwa."

Mkwe akashusha kamba yenye jiwe, akapima. Ukuta ulikuwa unalala, kidogo sana, upana wa kucha. Akaubomoa safu mbili, akaanza upya. Nyuma ya pazia tukasikia sauti ya chini, si kwa binti wala kwa mtu yeyote: "Anasikia, yule."

Ijumaa, wakati kuta zimefika mabegani, lilikuja gari la shirika kutoka Bukavu. Hatukuwa tumewatarajia. Akashuka mama mmoja mkaguzi, mwenye miwani na ubao wa kuandikia, akatembea kati ya nyumba zilizokwisha, akaridhika, kisha akafika kwetu. Akaingiza mkono wake kwenye nafasi iliyo kati ya misingi miwili, akautoa.

"Hizi ni nyumba mbili," alisema. "Fomu inasema moja."

Mwenyekiti hakutikisika. "Ni moja, mama. Iko na pengo tu, kama meno ya mbele."

"Mabati?"

"Ni yaleyale. Hakuna hata moja la ziada. Uliza fundi."

Mkaguzi akatazama pazia, akamtazama binti aliyekuwa amechoka mikono, akatazama pande zote mbili za pazia. Nikajua sasa ni wakati wa kukiri. Nikamweleza niliyoyaandika na yaliyofuata, pamoja na safari ambayo mama alipanga Jumapili. Alisikiliza bila kuandika. Nilipofika kwenye homa ya mama mkwe wa Petro, alivua miwani akafuta macho.

"Mume wangu," alisema, "ana diploma mbili. Mama yangu akija kutusalimia Bukavu, yeye hutoka kwa dirisha." Akavaa miwani tena, akaandika, nami nikanyoosha shingo nikasoma: nyumba moja, vyumba vitatu, kimoja cha nje. Akatia sahihi. Kisha akauliza kama angeweza kupata kipande cha muhogo wa kuchoma, na akakaa nasi mpaka jua lilipopinda.

Jumamosi tuliezeka. Alasiri bati la mwisho lilipigwa, watu wakapiga vigelegele, na binti akaenda kumleta mama yake. Mama alizunguka chumba mara moja. Akatazama mlango, akaukubali. Akatazama dirisha, akalikubali. Akafika kwenye pengo, akainua macho, akasimama hapo muda mrefu kiasi kwamba vigelegele vilikufa.

"Ule mti," akasema.

Tukatazama. Ili kuokoa kazi, fundi alikuwa ametumia mti mmoja mrefu, ulioshika paa la chumba chake na kuvuka pengo kungojea paa la nyumba ya wengine.

"Mti mumoja," mama alisema, "ni paa moja."

Fundi alifungua mdomo, misumari ikaanguka. Kabla hajasema lolote, mkwe alikuwa ameshapanda juu na msumeno, uso ameugeuza mlimani. Akakata. Kipande kikaanguka kwenye pengo, hewa ikabaki. Mama akaingiza mkono, akaupandisha na kuushusha polepole kati ya kuta, kama anayetafuta utando wa buibui. Hakugusa kitu. "Mm," akasema, akarudi kwangu. Lakini mzigo wake uliendelea kukaa mlangoni umefungwa, na mimi na mke wangu hatukuthubutu kumuuliza.

Jumapili alikuja Misani na mzigo kichwani na jembe mkononi, akaviweka chini ya benchi. Nilisoma somo siku ile na sijui nilisoma nini. Baada ya baraka watu walitoka, wakabaki uani wakijifanya wanasalimiana. Nje ya lango njia zilikuwa mbili: kulia barabara ya bonde, iendayo kupanda Lemera, kushoto kijia cha uwanja wetu. Mama alitoka, akasimama katikati ya lango, akatua mzigo ili kuufunga upya. Mkwe alikuwa amejificha nyuma ya nguzo ya kengele, ingawa mwili ule haukuwa wa kujificha nyuma ya nguzo. Mwenyekiti, ambaye sijamsikia akinong'ona kabla wala baada ya siku ile, alininong'onea, "Sali, Mwalimu, sali."

Mama aliinua mzigo. Akamtazama mke wangu.

"Kwako moto ungali unawaka?"

"Ungali, mama."

"Basi niletee makaa. Sitaanza na kiberiti, minye si mwanajeshi."

Akapinda kushoto. Mke wangu alikimbia na viatu vya Misa mkononi, akarudi na makaa juu ya kigae, akiyapuliza njia nzima. Umati mzima ulifuata kama maandamano ya sikukuu. Mama alipanga mafiga yake matatu, akatia makaa, akapuliza, na moshi wa kwanza ulipotoka kwenye dirisha lake watu walipiga makofi kama vile Papa amechaguliwa. Alipika maharage. Yalikuwa machache na sisi tulikuwa wengi, kila mmoja alipata matano au sita, na tulikula tukiwa tumesimama.

Tangu hapo komite yetu ilikuwa na swali jipya, nalo lilitangulia maswali yote ya fomu: "Nani hapa hawezi kulala chini ya paa la nani?" Lilitusaidia kuliko fomu yoyote. Tuligundua mama wakwe watano wengine waliokuwa wanalala kwenye vibaraza, na kaka mmoja aliyekuwa amegombana na kaka yake tangu kabla ya vita. Nyumba zenye pengo ziliongezeka. Wale waliojengewa waliwajengea wenzao, na wanawake wa milimani, mama wa Lemera akiwa mbele na jembe lake, waligawana kipande cha ardhi nyuma ya uwanja, wakapanda maharage na kuwafundisha wa pwani kuyapanga kwenye vijiti. Vita vilikwenda na kurudi. Mara moja tulikimbia wote kuvuka mpaka kwenda Burundi, na tuliporudi baadhi ya mabati yalikuwa yameondoka bila wenyewe. Tuliezeka tena. Nashukuru kwamba Mungu alitupa watu waliojua kuezeka.

Kuhusu wawili wale, hawajatazamana usoni mpaka leo, na mama sasa ni mzee kweli. Lakini mwezi wa rozari uliofuata nilipita pale saa kumi na mbili jioni, nikasikia sauti. Mama alikaa ndani kwake ameegemea ukuta wake, mgongo kwenye pengo. Mkwe alikaa ndani kwake ameegemea ukuta wake, mgongo kwenye pengo. Mama alianzisha kila Salamu Maria, na mkwe akamalizia, na sala ikapita katikati kwenye nafasi ile ya mkono mmoja bila mtu wa kuibeba. Nikasimama nikajiunga nao kimoyomoyo. Kwenye fumbo la nne mama akanyamaza, akapaza sauti upande wa jikoni kwa binti yake:

"Mwambie yule asikimbie. Bikira Maria haendi sokoni."

"Mama anasema usikimbie."

"Nimesikia," alisema mkwe, na wakaendelea polepole.